Njia ya Paka Nyumbani kwa Bongchi

Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha. Mji wetu ni Kilung, mvua kwetu si habari. Mke wangu aliamka kabla yangu, akapika uji wa mchele, akatoa figili ya chumvi na yai la bata. Yai alilikata kwa uzi, nusu yangu, nusu yake. Kiini cha nusu yake alikimega akampa paka.

"Kiini ndicho yai lenyewe," nilisema.

"Ndiyo maana nimempa."

"Mimi je?"

"Wewe una chako mbele yako. Kula, unangoja kipoe?"

Tukala. Paka alikuwa juu ya rafu, juu ya kichwa changu, anajilamba. Mke wangu alipomaliza alikwenda kukaa kwenye kiti chake cha henzirani, akachukua kitambaa cha mwavuli. Alikuwa anamshonea paka bembea ya kulalia, ya kutundika dirishani.

"Mzee, kamba imekwisha," alisema. "Nenda bandarini kwa yule anayeuza kamba kuukuu. Usiniletee ya nailoni. Nataka iliyokaa majini ikalainika."

"Mvua hii?"

"Mvua hii ina nini? Ni ileile ya jana."

"Paka ana rafu. Ana mnara. Ana sanduku, ana dirisha. Mimi nina kitanda, na hicho nalala nusu."

"Nusu ya pili analala nani?"

"Huyohuyo paka."

"Sasa unalia nini? Mnalala pamoja."

Nikainuka. Akaniita tena.

"Mzee. Nikiondoka, huyu usimrudishe sokoni. Na hizi rafu usizing'oe."

"Uondoke uende wapi? Ngazi zenyewe hushuki."

Akacheka mpaka akakohoa. Nilivaa viatu mlangoni, nikachukua mwavuli, nikatoka. Nilipokuwa ngazini nilimsikia anasema na paka. Alisema naye kila siku. Maneno niliyasikia, nikadhani ni mambo yao wawili. Nikashuka.

Niliporudi na kamba alikuwa palepale kitini. Kichwa kimeinama, kitambaa mapajani, sindano imo katika mshono. Paka alikuwa kwenye ncha ya rafu, miguu ya mbele ukingoni, anamtazama kutoka juu. Siku zote paka akifika pale hushukia mapajani mwake. Siku hiyo hakushuka.

Nilimwekea kamba miguuni. Nikamgusa shavu.

Jina lake lilikuwa Bongchi. Kwa lugha yetu maana yake ni mlee tu. Baba yake alitaka mtoto wa kiume. Wa kwanza alipokuja msichana, wakampa jina la Chioti, yaani leta mdogo wa kiume. Chioti hakuleta. Akaja huyu. Mkunga akauliza tumwite nani, baba akiwa mlangoni anavuta sigara akasema, "Aa, mlee tu." Likawa jina. Wanawake wa umri wake wenye jina hilo ni wengi. Ukiita sokoni watageuka kadhaa.

Chioti alibaki nyumbani kwa sababu bado walitegemea jina lake lifanye kazi. Bongchi walimtoa akiwa hajajua kufunga vifungo vya nguo. Walimpa watu wa mjini waliotengeneza miavuli. Hakupigwa sana, alisema. Alilala nyuma ya jiko. Palikuwa na joto, na palikuwa na upenyo mmoja tu wa kuingilia. Mtu akisimama pale, huna pa kupita. Hilo alilisema mara moja tu maishani, na sikumuuliza zaidi.

Mimi ni fundi wa grili. Madirisha ya mji huu nimeyafunga mengi. Kwetu grili haikai bapa ukutani, inatokeza nje kama tumbo, watu wanaweka humo maua na viatu vibichi. Nilikuja kufunga grili kwenye duka lile la miavuli. Mimi niko nje na moto wa kuchomelea, yeye yuko ndani anashona.

"Unanifungia?" aliuliza.

"Nawafungia wezi wasiingie."

"Na mwizi akiwa ndani je?"

"Basi atakaa na wewe."

"Masikini mwizi," alisema, akaendelea kushona.

Nilirudi kesho yake kupaka rangi ambayo haikuwa na haja ya kupakwa. Tukaoana. Tukapata mtoto mmoja, hakukaa. Hatukupata mwingine. Tulihamia hapa ghorofa ya nne, nyumba haina lifti, wakati huo miguu yetu ilikuwa mizuri. Mimi nilichomelea, yeye alichukua kazi ya miavuli akaifanyia nyumbani. Vitambaa vilijaa mpaka chini ya kitanda.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Miguu ikavimba. Kushuka aliweza, kupanda hakuweza. Siku moja alipanda kwa kukaa kila ngazi, akafika midomo imebadilika rangi. Akasema, "Basi. Nimemaliza ngazi." Hakushuka tena. Aliutazama mji kupitia grili yangu.

Dada yake ndiye aliyemleta paka. Chioti anauza mipira ya samaki sokoni, mwanamke mnene, sauti yake unaisikia kabla hujaona kibanda. Siku hiyo alipanda anahema, mkononi ana ndoo, ndani ya ndoo ana kipaka cha rangi tatu chenye sikio moja limekunjika.

"Wamezaliwa chini ya meza yangu," alisema. "Madume yamechukuliwa yote, watu wa maghala wanayataka kwa panya. Huyu jike na sikio lake hili, hakuna anayemtaka."

"Sasa unaniletea mimi?" mke wangu alisema.

"Nimpeleke wapi? Bongchi."

"Abee?"

"Sikukuita. Nasema, mlee tu."

Wakatazamana. Chioti akaanza kucheka, mke wangu akafuata, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Chioti akasema, "Maisha yangu yote nimeambiwa nilete mdogo. Basi nimeleta." Mke wangu akasema, "Na jike tena! Baba angekupiga." Paka akapewa jina lake. Nyumba ikawa na Bongchi wawili.

Mimi sikuwa na mazoea ya kumwita mke wangu kwa jina. Watu wa umri wetu hatuitani. Nilisema wee, au sikia. Alipokuja paka ndipo jina lile likaanza kutajwa ndani. Nikimfokea paka, "Bongchi, shuka mezani!" mke wangu anaitika kutoka jikoni, "Sijapanda!"

Mwanzoni paka alitutesa. Alilia mlangoni. Alirarua pazia, akamwaga maji, akaruka juu ya meza ya wazee waliotangulia akaangusha chetezo cha ubani. Nikasema anarudi sokoni leo hii.

"Hana kazi," mke wangu alisema. "Mtu akifungiwa ndani hana kazi atararua pazia. Mimi mwenyewe nimekaribia."

Akaanza kumtazama. Alimtazama kwa siku nyingi bila kufanya kitu. Alilala sakafuni, shavu chini, aone paka anaona nini kutoka pale. Nilimkuta hivyo nikadhani ameanguka. Nikamkimbilia.

"Nipishe," alisema. "Umenizibia."

"Unaona nini?"

"Miguu ya viti na vumbi. Ningekuwa mimi nami ningeparamia pazia."

Akaniambia paka anataka juu. Anataka kuona mlango bila kuonekana. Nikasema hilo ni jepesi, nitamjengea mnara. Nilishaacha kazi wakati huo, lakini vyombo vyangu vilikuwa bado chini uchochoroni. Nilifanya kazi ile kwa moyo. Nondo nzuri, majukwaa matatu, pembeni nikakunja mapambo ya mizunguko kama ninavyowafanyia wenye pesa. Nikasugua kwa msasa mpaka ukitia kidole kinateleza. Rangi mara mbili. Nikaupandisha ghorofa nne kwa mgongo.

Paka akaja, akanusa. Akaweka mguu mmoja. Chuma cha Kilung kina baridi na kinatoa jasho. Akautoa mguu, akaukung'uta, akaondoka kwenda kulala ndani ya ndoo iliyomleta.

Mke wangu alisimama anautazama mnara. Akauzunguka wote.

"Umemjengea mfungwa," alisema. "Imebaki kufuli."

"Ni chuma kizuri hiki."

"Kizuri kwako. Muulize mwenye nyumba."

Kisha akaushika kwa mikono miwili akautikisa. Haukutikisika.

"Hapa umefanya kazi," alisema. "Kitu kikiyumba mara moja tu, harudi tena."

Ndipo akanituma kamba mara ya kwanza. Aliuzungushia mnara wote kamba ile kuukuu, mzunguko kwa mzunguko, anapumzika, anaendelea. Mapambo yangu yakafunikwa yote. Kwenye majukwaa akagundisha kitambaa cha mwavuli, chini yake magazeti. Siku alipomaliza, paka alipanda akakwarua kamba kwa kucha mpaka vumbi likatoka, akapanda juu kabisa, akakaa. Ndoo tukairudisha kwa Chioti.

Baada ya hapo hakunipa nafasi. Akataka rafu. Zianzie jikoni, zipite juu ya mlango wa chumba, zizunguke sebule mpaka dirishani, paka aweze kwenda kote bila kukanyaga chini. Nilikata mbao za masanduku, nikazifunga ukutani kwa vyuma vyangu. Kila moja alikuja kuitikisa. Akataka masanduku ya kujificha, mawili. La kwanza nililipa tundu moja. Akalirudisha.

"Toboa la pili, nyuma."

"La nini? Ni sanduku la kulala."

"Akiwa ndani mtu akasimama mbele, atatokea wapi?"

Nikatoboa. Nilikumbuka lile jiko.

Sanduku la mchanga, choo cha paka, aliliweka kibarazani nyuma, mbali na bakuli la chakula. Mimi nilitaka vyote viwe jikoni, kufagia kuwe rahisi. Akaniuliza, "Wewe utakula chooni?" Samaki wadogo wakavu hakuwaweka kwenye bakuli. Aliwaficha ndani ya mikunjo ya vitambaa, juu ya rafu, chini ya godoro langu pia. Nikasema nyumba yote itanuka. Akasema, "Akikuta kwenye bakuli anakula analala. Akiwatafuta, asubuhi imepita." Kwenye feni ya dari alifunga uzi wenye unyoya. Mchana wa joto unyoya unazunguka taratibu, paka anazunguka nao chini, na mke wangu kitini anazungusha kichwa.

Ndani ya grili aliweka ubao, na vyungu vya ngano changa ya kutafuna. Wakakaa pale wote wawili. Ndege kwenye nyaya. Gari la taka linapokuja na wimbo wake, watu wanatoka mbio na mifuko, mke wangu anamweleza paka nani amebeba nini. "Yule amenunua feni mpya, tazama boksi. Yule mume wake karudi, tazama chupa." Paka anasikiliza sikio moja limesimama, moja limekunjika.

Palikuwa na mahali pamoja tu njia ilikatika. Ni pale ilipo meza ya wazee waliotangulia, yenye vibao vya majina yao. Mnyama hapiti juu ya vichwa vya wazee. Rafu ya upande huu iliishia kabla ya meza, ya upande wa pili ilianzia baada yake, karibu na dirisha. Nikasema nitaweka kijukwaa hapo katikati, chini kidogo, ashukie.

"Acha wazi," alisema. "Atashukia kwangu."

Akasogeza kiti chake cha henzirani pale. Tangu hapo paka akitaka kwenda dirishani anakuja kwa rafu mpaka ncha, anashukia mapajani mwa mke wangu, anasimama kidogo, anapapaswa mgongo, kisha anaruka upande wa pili. Kurudi vilevile. Siku nzima. Mimi nikamwambia, "Umekuwa ngazi." Akasema, "Ngazi inayopandwa ni mimi, wewe inakuuma nini?"

Basi siku ile aliyofariki, Chioti alifika, akalia mlangoni kama inavyotakiwa, akapiga magoti akaingia kwa magoti. Kisha akainuka akashika kazi. Sanamu za miungu na vibao vya wazee pale mezani vilifunikwa kwa karatasi nyekundu. Kiti cha henzirani kilitolewa. Mke wangu akalazwa juu ya ubao pale sebuleni, mbele ya meza, miguu kuelekea mlangoni. Miguuni pake wakaweka bakuli la wali lenye yai na vijiti vya kulia vimesimamishwa.

Chioti akatazama ukutani. Akaona rafu.

"Shemeji. Paka yuko wapi?"

"Yuko jikoni."

"Afungiwe. Afungiwe sasa hivi!"

Kila mtu kwetu anajua hili. Paka akimruka maiti, maiti huinuka. Wamama waliokuja kukunja karatasi za kumchomea marehemu wakaanza kutazama juu. Chioti alifunga mlango wa jikoni, akaweka kigoda mbele yake. Paka akaanza kulia. Akakwarua mlango. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na ubao, nakunja karatasi, vidole vyangu vinene havikunji vizuri. Paka analia. Hakuwahi kufungiwa kwenye chumba chenye mlango mmoja.

Nikainuka, nikaondoa kigoda.

"Unafanya nini?" Chioti aliuliza.

"Nafungua."

"Shemeji, umepata wazimu? Atamruka!"

"Na aruke," nilisema.

Mama mmoja aliacha karatasi ikaanguka. Chioti alinijia akanishika mkono, akanitazama usoni, akauachia.

Nilifungua mlango. Paka hakuja chini. Alipanda rafu ya jikoni, akapita juu ya mlango, akaja taratibu na ukuta. Akafika ncha. Akatazama chini. Kiti hakuna. Mapaja hakuna. Yuko mke wangu, amelala, amefunikwa. Paka akanusa hewa. Akasogeza miguu, akarudi nyuma, akasogea tena. Upande wa pili ni mbali kwa paka ambaye hajawahi kuuruka.

Sikuomba. Mimi si mtu wa kuomba. Nilimtazama mke wangu usoni tu.

Paka akaruka. Alipita juu yake, usawa wa kifua, akaifikia rafu ya pili kwa kucha, akajivuta, akaenda dirishani.

Nilingoja. Chioti naye alingoja, nilimwona, mkono mdomoni. Wamama wote walingoja. Mvua ilikuwa inagonga kwenye grili. Kitambaa hakikutikisika.

Chioti akakaa chini sakafuni, mzimamzima.

"Mkaidi," alisema. "Tangu mdogo. Hata umwite vipi."

Hapo ndipo akalia kilio chake mwenyewe, si kile cha mlangoni. Na mimi hapo ndipo nilipojua kwamba amekwenda.

Tukamzika juu mlimani, mahali panapoonekana maji.

Siku ya saba ilipopita, Chioti alikuja kunipangia maisha. Alisema nizing'oe rafu, nyumba irudi kuwa nyumba ya mtu. Alisema kiti cha marehemu hakikai, kimeshawekwa kwenye ngazi kingojee gari la taka. Alisema paka atarudi sokoni, yeye atakuja na kikapu. Alisema nile. Nilimwambia sawa kwa yote. Ni dada mkubwa.

Lakini paka hakutoka dirishani. Tangu aruke, alikaa ndani ya grili, juu ya ubao, kati ya vyungu. Kula alikula ngano ya vyunguni tu. Nilimwekea samaki, akawatazama. Nilijaribu kumbeba, akanikwarua. Njia ya kurudi ilikuwa imekatika, na kuruka tena hakutaka, wala kukanyaga chini. Nikaiona grili yangu kutoka ndani. Kazi nzuri, viungo havionekani. Paka ndani yake, mvua nje yake.

Nikasimama na spana mkononi, nifungue rafu ya kwanza. Nikaishika. Haikutikisika. Nikaweka spana mfukoni.

Nikaenda kwenye ngazi, nikakirudisha kiti. Nilikiweka palepale, miguu yake kwenye alama zake sakafuni. Paka akaja kwenye ncha ya rafu, akakitazama. Akarudi dirishani.

Sikujua nifanye nini zaidi. Nilikuwa nimechoka, nikakaa. Nikaichukua ile bembea yake, mshono haujaisha, nikaanza kuifunga kamba kwenye pembe zake. Kufunga kamba naweza. Nikiwa nimeinamisha kichwa nikasikia uzito. Paka alikuwa mapajani mwangu. Amesimama, mkia umenigusa kidevu. Anangoja.

"Nini?" nilimwuliza.

Anangoja.

Nikampapasa mgongo, jinsi alivyofanya yeye. Paka akaruka upande wa pili, akaenda zake jikoni, nikasikia anatafuna.

"Bongchi," nilisema. Sikumfokea. Nilisema tu jina. Hakuitika mtu.

Chioti akaja na kikapu chake. Alinikuta kitini.

"Kiti nilikitoa," alisema.

"Nilikirudisha."

"Rafu bado."

"Ndiyo."

"Shemeji, nimeleta kikapu."

"Nakiona, dada."

"Sokoni kuna panya wa kutosha. Atapata kazi."

"Ana kazi."

"Kazi gani? Hapa kuna panya?"

Paka alikuwa anakuja na rafu kutoka jikoni. Alifika ncha, akanishukia mapajani, akasimama. Nikampapasa. Akaenda dirishani. Chioti alisimama na kikapu chake mkononi, anatazama pale paka alipokuwa amesimama. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Alikuwa anafanya hivyo kwake," alisema.

"Ndiyo."

"Hapo hapo."

"Ndiyo."

Akajifuta uso kwa mkono wa nguo.

"Umekula leo?"

"Tumekula."

"Mmekula nini?"

"Uji. Na yai la bata."

"Kiini umekula wewe au yeye?"

"Yeye."

"Wajinga nyie," alisema. Akatoa kwenye kikapu mfuko wa mipira ya samaki, akauweka mezani, akashuka ngazi anahema, anasema peke yake mpaka chini. Kikapu alikiacha. Sijui kama alisahau.

Bembea imetundikwa dirishani na mshono wake vilevile. Sindano nimeichomeka kwenye mto wake wa sindano. Kikapu cha Chioti kiko juu ya rafu, paka hupenda kulala humo mchana. Kilikuwa na mdomo mmoja. Nimekitoboa wa pili, nyuma.

Yale maneno niliyoyasikia nikiwa ngazini, asubuhi ile ya mwisho, mlango bado haujafungwa, hayakuwa mambo yao wawili. Nilikuwa nasemwa mimi. Alimwambia paka:

"Huyu mzee ni mdomo tu, na hana mtu mwingine. Nikiondoka, mlee tu."